Mtu Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Songo, katika mji wa Uvira, bila kujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba sibaki. Nilivaa viatu vyangu vya mtumba, vile vya kukimbilia, nikatia suruali moja na mashati katika mfuko wa plastiki, nikapita mbele ya mlango wa mama bila kubisha. Alikuwa ameshaamka, nilisikia ufagio wake. Hakuuliza, nami sikusema. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumesema vya kutosha, mbele ya avenyu nzima, mtaa wetu wote.

Niliteremka nikitembea. Nasema nikitembea kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kukimbia. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimekatazwa kukimbia kama mtoto anavyokatazwa kuchezea kiberiti. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji aliitazama miguu yangu tangu nilipotokea mpaka nilipompita. Alikuwa anahakikisha. Nilitamani kuruka mara moja tu, makusudi, nione atafanya nini na bidoni lake la maji, lakini nilikuwa na hasira kubwa mno hata mchezo haukunijia.

Ngoja nieleze jambo lenyewe, maana asiyetoka kwetu atadhani niliiba.

Mwaka uliopita alikufa yaya wangu. Ndivyo tunavyomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa kukaa. Alikaa tangu asubuhi hadi giza, akisimama kwa ajili ya kula tu, na akila alitaka ndagala, dagaa wa ziwa letu, wenye chumvi ya kukata ulimi. Kichwa kilimuuma kwa miaka. Muganga wa dispansari alimfunga ule mkanda mkononi, akapuliza, akasoma, akamwambia tansio yake, yaani presha, imepanda vibaya: apunguze chumvi, na kila siku atembee mpaka atoke jasho. Yaya alijibu kwa neno ambalo sisi wa Uvira tunalijua kuliko Baba Yetu.

"Tutaona."

Neno hilo likitajwa mbele yangu leo, masikio yanapata moto. Mto ukijaa mawe na takataka, tunasema tutaona, mpaka siku unapoingia chumbani na kulala kitandani mwa mtu. Ziwa likifika kwenye msingi wa ukuta, tutaona. Jino likitoboka, tutaona. Na kweli tunaona. Hatujawahi kukosa kuona.

Yaya alianguka mchana, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani. Alilala hospitali siku chache, upande mmoja umekufa, mdomo umekwenda kando, akijaribu kuniambia kitu ambacho sikukipata mpaka leo. Halafu akaenda.

Hapo ndipo ungetujua sisi ni watu gani. Maiti haijatoka hospitali, turubai limeshafungwa juu ya kiwanja chetu. Viti vilikuja kutoka kanisani. Sufuria kubwa zilitoka huko zinakokaa zikingoja. Vijana waligawana kazi bila kuambiwa: hawa kaburi, hawa kuni, hawa maji. Wanawake wa avenyu walilala chini kwenye mikeka pamoja na mama, usiku baada ya usiku, na hakuna hata mmoja aliyelalamika mgongo. Nimezunguka sana, nimefanya kazi nyingi, sijaona kazi iliyopangika vile. Na katikati ya kilio kile nilisimama natetemeka, watu wakadhani ni uchungu. Ilikuwa hasira. Nilikuwa najiuliza: watu hawa wote walikuwa wapi? Kama wachache tu kati yao wangempitia yaya kila jioni, wakamwambia simama, twende mpaka ziwani turudi, turubai lile lingebaki limekunjwa. Lakini kwetu, kumtoa mtu mzima kwenye kiti chake kabla hajaanguka ni kumwingilia maisha. Akishaanguka, wote ni ndugu zake.

Sikusoma sana. Nilitoka shule darasa la tano nikaanza kuzunguka: Kalundu nilipakia mizigo bandarini, Misisi nilichimba dhahabu ya watu wengine, Baraka niliuza sabuni, Bujumbura nilifanya kila kitu ambacho mtu asiye na karatasi anaweza kufanya. Nilirudi Songo yaya alipoanguka, nikabaki kwa ajili ya mama. Mtu ambaye hakusoma akawa na maswali ni taabu kwa jirani zake. Baada ya matanga nilikwenda dispansari kumuuliza muganga yule mkanda unafanyaje kazi, upepo unajuaje damu inavyokwenda. Sikuwa mgonjwa. Nilitaka kujua tu.

Alikuwa mtu wa subira. Aliniambia njia nzuri ni kunifunga mkononi ili nione mwenyewe. Akapuliza, akasikiliza. Akafungua, akaufunga upya mkono wa pili, akapuliza tena. Halafu akaniuliza yule fundi wa cherehani alikuwa nani wangu.

Nikamwambia.

"Iko sawasawa na yake," akasema.

Nikamwambia lakini mimi siumwi kitu, hata kichwa hakiniumi. Akanijibu kwamba huo ndio wakati wenyewe. Nikingoja kuumwa nitamfikia nimebebwa. Akaeleza kwamba moyo ni nyama, kama nyama ya mguu, na nyama isiyofanyishwa kazi inalegea. Dawa angenipa baadaye ikilazimu, ila kwanza nitoe jasho kila siku, niache chumvi, na nirudi kupimwa kila mwezi. Nilitoka pale nikiona maisha yangu kama kitambaa kilichochorwa chaki tayari, kinangoja mkasi. Nikaapa kwamba mkasi huo utanikuta nimeshahama.

Nilianza kesho yake. Sikungoja mwezi uanze, sikungoja viatu vizuri. Nilianza nikitembea haraka, baada ya muda nikakimbia kidogo, kutoka kwetu mpaka daraja la Mulongwe. Watu walinishangaa, wakacheka. Nilipoanza kupungua tumbo walikuja kumuuliza mama kwa sauti ya chini kama nina ugonjwa ule. Kwetu mtu akinenepa anapongezwa, akikonda anaombewa. Hayo niliyameza.

Halafu ikafika ile asubuhi, siku moja kabla sijaondoka.

Siku hizo habari za vita kutoka uwanda wa Ruzizi hazikuwa nzuri, na kila mtu alilala akiwa amevaa nusu. Hilo si jambo jipya. Tumelala hivyo mara nyingi kiasi kwamba watoto wetu hudhani ndivyo watu wanavyolala. Mimi nilisema: moyo wangu haujui habari za uwanda. Nikatoka kukiwa na mwanga mwembamba tu juu ya milima ya Burundi, nikaanza kuteremka mbio. Mwili ulikuwa umeshazoea, nilijisikia mwepesi, nikaongeza. Nilimpita mama mmoja na bidoni lake. Nilisikia bidoni likianguka nyuma yangu, nikadhani limemponyoka.

Huyo mama hakupiga kelele. Kwetu hakuna anayepiga kelele siku hizo. Aliingia ndani akamfunga mtoto mgongoni. Jirani akamwona anafunga mtoto, naye akafunga wake. Mlango baada ya mlango ulifunguka bila sauti, magodoro yakakunjwa, na avenyu nzima ikaanza kuteremka, ikinifuata mimi.

Nilipofika karibu na daraja niligeuka nirudi kama kawaida. Ndipo nikawaona. Barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani, sufuria mkononi, mbuzi kwenye kamba, mzee mmoja anasukumwa juu ya baiskeli. Sasa mimi nilifikiri nini? Nilifikiri kama wote: wameona kitu. Nikageuka tena nikakimbia kwa nguvu ambazo sikuwahi kuwa nazo, mbele yao wote, mpaka karibu na Kasenga, nikihema kama mbwa. Avenyu yangu ilikuwa inanikimbilia mimi, na mimi nilikuwa naikimbia avenyu yangu. Kila tulipoongeza mwendo, tulipeana ushahidi.

Tulisimama kwa sababu watu wa Kasenga walikuwa wamekaa milangoni wanakunywa uji, wakatuuliza kuko nini. Kila mmoja alimwonyesha aliyemtangulia, na vidole vyote, kimoja kimoja, vikaja kuishia kwangu.

Ningekuwa msimulizi wa vichekesho ningeishia hapo, maana hata mimi kwa muda mfupi nilicheka. Lakini waliporudi walikuta nyumba kadhaa zimeingiwa. Mmoja alipoteza radio, mwingine kuku wake wote, mwingine kitambaa cha harusi cha binti yake. Na jua halijapanda vizuri, neno likawa limeshapikwa na kuiva: yule mzururaji aliyerudi kutoka migodini anakimbiza watu makusudi ili wenzake waingie kuiba.

Jioni ile shefu wa avenyu alituita uwanjani kwake. Ni mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu, na nadhani hakuamini hadithi ya wizi. Alisema wazi kwamba wezi hawahitaji kunituma mimi. Hata hivyo alinisimamisha mbele ya wote kama mshitakiwa. Watu walizungumza kwa zamu. Wa kuku alisema mengi. Mama mmoja alisema mtoto wake amepata homa kwa kukimbia na baridi. Mwishowe shefu akaniuliza, mbele ya wote, nani ananifukuza.

"Hapana mutu," nikasema.

"Basi unakimbia nini?"

Nikajaribu kueleza. Nilisema habari za mkanda, za moyo kuwa nyama, za yaya. Nilisema nimekimbia kabla, ili nisije nikabebwa baadaye. Nilisikia watu wakiguna. Shefu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo naweza kuyarudia yote, kwa sababu nimeyatafuna tangu siku hiyo.

"Hapa kwetu mutu akikimbia peke yake, asubuhi, bila kusema kitu, ni kwamba ameona. Hiyo ndiyo inatuponesha. Ukitaka spor, mazoezi, ngoja siku ya Mungu, Jumapili, ukimbie na wengine, na filimbi, na wimbo, tujue ni spor."

"Na moyo wangu nao uimbe, ungojee siku ya Mungu?"

"Weye ukiugua, tuko. Lini tulikosa kuja?"

Watu wakaitikia. Na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Hawajakosa kuja hata mara moja. Wangekuja kwangu pia, na turubai, na sufuria, na mikeka. Nilimtazama mwenye turubai, amekaa mstari wa mbele, na nikaona kwamba ananipenda kweli, na kwamba angenizika vizuri sana.

Mama yangu alisimama. Nilidhani atanitetea. Akasema kwa upole kwamba mwanangu, acha mambo haya, ukipata ugonjwa mimi nitakuuguza, nimewahi kumuuguza nani nikachoka?

"Mulimuuguza yaya," nikamjibu, "mukamuzika."

Mama akaketi. Uamuzi wa shefu ulikuwa kwamba ndani ya avenyu sikimbii, wala mapema wala jioni, mpaka hali itulie. Nilimuuliza hali itatulia lini. Nina miaka yangu mingi tu katika mji ule, na swali langu halikuwa la dharau. Nilitaka kujua kweli. Akasema tutaona.

Basi ndiyo maana nilikuwa barabarani asubuhi ile.

Nilipovuka daraja nilikuwa nimeacha kutembea polepole. Kasenga nilipita, Kavimvira nikapita, pale njia ya mpaka inapokatia kulia magari yakawa yamepanga foleni, mimi nikashika ya kushoto, ya uwanda. Kulia ziwa lilikuwa likibaki nyuma yangu, jeupe, halina haraka. Kushoto milima ya Bijombo ilikuwa na mawingu mabegani. Nilipoacha nyumba za mwisho nikaanza kukimbia, na nilikimbia kwa hasira, nikipiga miguu chini kama mtu anayetwanga. Niliwajibu wote njiani, mmoja mmoja. Shefu nilimjibu vizuri sana. Mwenye kuku nilimmaliza kabisa. Kwa mama sikupata jibu, nikaongeza mbio.

Mbele palikuwa na bariyeri, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili na askari watatu chini ya kibanda cha majani. Waliponiona nakuja mbio walisimama wote, na mmoja akashika bunduki yake vizuri. Nikapunguza mwendo nikainua mikono. Waliuliza lile lile, huko nilikotoka kuko nini. Nikasema hakuna kitu, nafanya spor. Hawakuniamini kabisa. Mmoja alinitazama mfuko wa plastiki, akaangalia barabara nyuma yangu kwa muda mrefu, halafu akamwambia mwenzake apige simu Uvira aulize. Nikakaa chini ya kibanda chao mpaka jua likawa kali, Uvira ikithibitishwa kuwa bado ipo. Waliponiachilia, yule mwenye bunduki alinishauri kirafiki kwamba kama napenda mbio, niwe nakimbilia upande watu wanakotoka. Huko sitamtisha mtu.

Lori la mchanga lilinichukua kutoka Runingu mpaka Sange. Huko nilikula ubugali kwa maharagwe yasiyo na chumvi, mwenye mgahawa akaniuliza kama ni toba ya kanisa. Nikamwambia ni toba ya yaya. Nilikuwa nafikiria kupumzika pale, hata kulala, maana sikuwa na mahali, ndipo nikamkuta mtu wa baiskeli.

Alikuwa amepaki karibu na fundi wa matairi, lakini si kwa ajili ya fundi. Alikuwa anakunywa maji. Baiskeli yake ilikuwa imebeba mabidoni ya mawese, yamefungwa pande zote mbili na juu, mpaka kiti hakionekani. Breki yake ilikuwa kipande cha kandambili kilichofungwa karibu na gurudumu la nyuma, anakikanyaga kwa kisigino. Na tairi hilo la nyuma! Lilikuwa limepasuka mahali pawili na kuzungushiwa vipande vya mpira, kama mguu wenye bandeji. Mimi sijawahi kuona kitu kibovu nikanyamaza. Nikamsalimu, nikamuuliza anakwenda wapi. Bwegera, akasema, kwa dada yake mwenye kuuza mafuta. Nikamwambia tairi lile halifiki Bwegera.

Alinitazama viatu. Alikuwa amenipita wakati nikikimbia, akiwa kwenye mgongo wa lori lingine pamoja na baiskeli yake, na alikuwa amenikumbuka.

"Weye ndiye unakimbia bure njiani," akasema. "Uko na nguvu ya kutupa. Shika hapa, usukume."

Nikasema nitasukuma, kwa sharti kwamba tairi lishonwe kwanza; fundi yuko hapa, hatua chache. Akanijibu huku akiinua usukani.

"Ikipasuka, tutaona."

Nilikaribia kumpiga, nakiri. Mkono ulishakunjika. Badala yake nilishika mabidoni kwa nyuma nikasukuma, kwa sababu nilitaka niwepo litakapopasuka. Nilitaka kuliona likipasuka. Nilitaka kusimama juu ya mafuta yake yaliyomwagika nimuulize: sasa umeona?

Tulisukuma mchana wote. Jua la uwanda halina kivuli cha kukuombea. Yeye alishika usukani na mti alioufunga hapo wa kuielekezea baiskeli, mimi nikasukuma kwa nyuma nimeinama, jasho likidondoka kwenye vumbi, na kwa kweli muganga wa dispansari angefurahi. Mtu yule alikuwa na maneno kuliko mafuta. Alitaka kujua mbio zangu zinaleta nini nyumbani. Nikamwambia zinaleta mimi. Akasema hata yeye anajileta nyumbani kila siku, na mawese juu. Alisema babu yake aliishi mpaka akasahau majina ya watoto wake na hakukimbia hata siku moja, isipokuwa mara alizofukuzwa. Kila shimo tulilopita nilipaza sauti kuhusu tairi, naye akalipiga kofi lile tairi kama mtu anayempongeza ng'ombe. Luberizi tulipita watoto wakitoka shule. Walinionea huruma, wakadhani nasukuma kwa kulazimishwa.

Na tairi halikupasuka.

Naandika hivi na bado inaniuma. Halikupasuka kwenye mawe, halikupasuka kwenye mteremko wa mfereji, halikupasuka hata tulipoingia Bwegera na kupita katikati ya soko juu ya vipande vya chupa. Tulisimama mbele ya nyumba ya dada yake, akalipiga kofi kwa mara ya mwisho.

"Umeona?" akasema. "Toka Sange unalia na tairi yangu kama ndiye muke wako. Imefika."

Hivi ndivyo tunavyofundishwa, nikawaza, na mwalimu huyu hashindiki. Kila tairi linalofika linatuambia hatukukosea. Yaya naye aliamka mzima kila asubuhi kwa miaka, na kila asubuhi aliichukua kama ushahidi, akavuta kiti karibu na cherehani. Ushahidi ulikuwa upande wake mpaka ile saa ya mchana.

Dada mtu alikuwa mwanamke mpana, mwenye rozari shingoni, anapepeta mpunga mbele ya mlango. Nilimsalimu kwa Kirundi nilichookota Bujumbura, akaitikia bila kuacha kupepeta. Aliona mfuko wangu wa plastiki na vumbi langu, ungo ukasimama hewani. Akauliza Uvira kuko nini.

Kwa mara ya ngapi siku ile sijui. Nikaketi chini kwenye ardhi nikamwambia yote, kwa hasira, kama ninavyokuambia wewe: mkanda, yaya, avenyu, shefu, kamba ya askari, tairi la kaka yake. Nilimwambia nahitaji mahali pa kulala na mahali pa kukimbia, na kwamba pa pili nimeshapakosa kila nilipopita. Kaka yake alikuwa akicheka huku akishusha mabidoni. Yeye hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, naamka saa gani.

Nikasema kabla ya jua.

"Kabla ya kweli, ao kabla ya mudomo tu?"

Nikamwambia akaulize Songo.

Alikuwa na shamba la mpunga kando ya mfereji, na mpunga ulikuwa umeanza kuingia maziwa, punje bado laini. Huo ndio wakati wanaoutaka ndege, wale wadogo wanaoshuka kama mchanga uliorushwa. Mlinzi aliyekuwa naye alikuwa mtu wa kungoja. Anakaa kwenye kichuguu mpaka awaone wameshuka, ndipo anapiga bati. Mwanamke huyo alikuwa amemfukuza juzi. Alisema ndege wanafika pamoja na mwanga, na anayefika nao amechelewa. Anayetakiwa ni mtu wa kuzunguka matuta mbio tangu kungali giza kidogo, ili wakifika wakute shamba lina mwenyewe. Chumba anacho, kina magunia, lakini kitanda kinaingia. Chakula kipo.

"Chakula bila chumvi," nikasema.

"Chumvi yenyewe ni bei," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Nilimuuliza kama hapa nikikimbia watu hawatatoka na magodoro. Akasema hapa watasema, eh, huyu anafanya kazi. Na niseme ukweli, hata jibu hilo lilinikasirisha. Kwa ajili ya mpunga mtu anaruhusiwa kukimbia mpaka azimie. Kwa ajili ya ndege pia. Ni kwa ajili ya kifua chake mwenyewe tu ndipo anapoitwa uwanjani. Nilitaka kumwambia hivyo, kisha nikakifikiria kile chumba, nikaacha. Nilimuuliza badala yake kama kuna dispansari yenye mkanda wa kupimia. Ipo, akasema, nyuma ya kanisa.

Jua likiwa bado juu ya milima alinipeleka kunionyesha mipaka ya shamba lake. Matuta yalikuwa membamba, magumu, yamenyooka mpaka mbali, maji pande zote mbili. Nilitoa mfuko mkononi nikampa. Nikakimbia tuta lile lote, peke yangu, kimya, kwa nguvu zote zilizobaki baada ya mawese, mpaka mwisho, nikageuka.

Katika shamba la jirani kulikuwa na mwanamke ameinama anang'oa magugu. Aliponisikia aliinua kichwa. Moyo ulinipanda, nilijua kinachofuata, nilikuwa tayari kumwona akiacha kila kitu. Hakunitazama mimi. Alitazama juu, akatafuta ndege angani, hakuwaona, akainama tena kwenye magugu yake.

Tuliporudi kaka mtu alikuwa ameshahamisha magunia upande mmoja wa chumba. Kilinuka pumba na mawese, dirisha lake lilikuwa la ukubwa wa kitabu, na kitanda kilikuwa kifupi kuliko miguu yangu. Nikasema ninakichukua.